Upande wa Kushoto wa Injini

Hebu nikutegee wewe uliyejisogeza karibu. Kuna mtu nyumba yake inatembea. Inapita mbele za watu, watoto wanaishangilia, ng'ombe wanaikimbia, akina mama wanaacha sufuria jikoni wanatoka kuiangalia. Katika watu wote hao, aliyekosa kuiona ikipita ni mmoja tu, naye ni yule aliyekaa ndani yake. Ni nani? Usihangaike kunipa mji, mji wako baki nao. Ni dereva wa treni. Anaijua injini kwa joto lake na kwa mlio wake, ikikohoa anajua imekwamwa na nini, lakini hajawahi kusimama kando ya reli akaiona inampita huku mwenyewe yuko juu yake.

Ansgar alikuwa dereva wa namna hiyo. Hakulijua pengo lake mpaka alipostaafu, akaanza kuiunda injini yake upya kwa bati na mbao.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na tano, Nyahanga pale Kahama, vumbi limekaa mpaka kwenye majani ya mapapai. Anisia alikuwa barazani kwake anamenya karanga za mbegu aliposikia baiskeli inaegeshwa ukutani.

"Hodi kwa shemeji."

"Karibu, Msumbwa. Umebeba nini kwenye gunia, kuku wa wizi?"

"Ningekuwa na kuku ningempitisha mbele ya Msukuma? Angeisha kabla sijapata kiti."

Anisia akacheka, akamsogezea kigoda. Mwanamke huyu watu walimwita Mama Jenifa, kwa jina la bintiye aliyeolewa na mchimbaji huko Nyarugusu. Mume wake, Bujiku, alikuwa fayamani, mtu wa kuangalia moto na maji kwenye injini ya mvuke, na dereva wake alikuwa huyu huyu Ansgar. Ndiyo maana waliitana shemeji. Bujiku alikuwa amekwisha kufa miaka mingi, Ansgar akahamishiwa njia ya Kigoma, wakapoteana. Sasa alikuwa amestaafu, amejenga karibu, na kila Jumapili walionana kanisani wakatupiana maneno ya utani mlangoni.

Ansgar akafungua gunia taratibu kama anayefunua mtoto mchanga. Akatoa injini. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu, boila ya mikebe ya maziwa iliyonyooshwa na kukunjwa upya, magurudumu ya mninga yaliyovishwa bati, bomba la moshi, taa ya mbele, ngazi, na mabomba ya waya mwembamba yanayopita ubavuni kama mishipa.

Mikono ya Anisia ikaacha karanga.

"Mayo wee! Hii ni yenyewe."

"Ni yenyewe huku. Sasa tazama huku."

Akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa bati tupu linalong'aa. Hakuna bomba wala ngazi wala msumari.

"Mbona huku umeiacha uchi?"

"Hicho ndicho kilichonileta, shemeji. Dereva anakaa kulia. Asubuhi mafuta ya kulainisha napaka upande wangu, fayamani anapaka wake, tunakutana ndani, tunaondoka. Kule kushoto nimepita mara nyingi, lakini kupita siyo kuona. Nimekaa na hili bati tangu mvua zilipokatika, najiuliza kulikuwa na nini pale, kilipinda vipi. Kichwani mna giza. Mwenye upande ule alikuwa Bujiku, na Bujiku hayupo. Aliyebaki anayeujua ni wewe."

Alikuwa amesema kweli. Kabla ya kuhamia Kahama, Anisia alikaa Isaka, akiuza viazi vya kuchemsha, karanga na mayai pale stesheni. Treni ya kwenda Mwanza ilifika asubuhi, na jukwaa la Isaka lilikuwa upande wake wa kushoto. Ile ya kurudi Tabora ilipita watu wamelala, kwa hiyo hakuiona. Maisha yake yote pale aliijua injini kwa ubavu mmoja, na kwenye ubavu huo kulikuwa na dirisha, na dirishani kulikuwa na mume wake anayempungia kofia.

"Nitakwambia," akasema. "Lakini dirisha la kushoto usiweke mtu."

"Dereva nimeshamchonga. Na Bujiku nataka nimchonge na kile kitambaa chake cha shingoni."

"Mweke dereva wako. Pale kwangu acha wazi."

Ansgar akamtazama, akaona si jambo la kubishia, akakunja gunia lake.

Hakujua kwamba amekaa juu ya kidonda. Bujiku alipokuwa mara ya mwisho nyumbani kwa mapumziko, waligombana. Alitaka mke wake ahame Isaka, wakakae wote kwenye kota za reli Tabora. Anisia akakataa. Ana shamba, ana wateja, Tabora atamfahamu nani? Wakarushiana maneno mpaka chai ikapoa. Bujiku akabeba begi lake: "Basi kaa na viazi vyako!" Naye akamjibu akiwa mlangoni: "Na wewe kaa na moto wako!" Mume akapanda treni ya kwenda Mwanza kukutana na Ansgar kazini.

Siku zilizofuata Anisia alijuta. Akachemsha mayai mazuri, akayaweka pembeni, akasema nikimwona namrushia dirishani, yaishe. Asubuhi moja akasikia filimbi anayoijua, muda usio wa treni. Akakimbia na sinia. Injini ikaja peke yake bila mabehewa, ikapita bila kusimama. Dirishani hakuwamo Bujiku. Alikuwamo Ansgar, ametoa kichwa anaangalia mbele. Mume wake alikuwa amempisha mwenzake kiti ili asimwone mkewe. Ndivyo alivyoelewa Anisia, amesimama jukwaani na mayai yake. Kabla juma halijaisha, homa kali ikamshika Bujiku huko Mwanza, akafa. Akarudi Isaka kwenye sanduku.

Tangu hapo kilichokuwa kinamla Anisia si kifo, maana kifo kinazoeleka. Ni lile dirisha. Alitaka kujua kama mume wake alikufa akiwa na hasira naye. Anayejua alikuwa mtu mmoja, na kumwuliza ilikuwa ni kama kuomba apigwe kofi.

Basi wakaanza kazi. Ansgar alikuja jua likipungua makali, na kibegi cha tupa, koleo na msasa. Vipimo vyake vilikuwa mwili wake. Kidole cha kati ndicho mtu mzima aliyesimama, na kila kitu kilipimwa kwa mtu huyo: dirisha lilimfika kiwikoni, gurudumu kubwa kifuani, kidato cha ngazi gotini.

"Haya, shemeji, ule ubao wa pembeni mwa boila, kwa huku ulikuwa juu kiasi gani?"

Anisia akasimama, akachukua sinia, akaliweka kichwani. "Likiwa hapa, ukingo wake na ubao vilikuwa sawasawa. Siku moja nilisogea sana, ubao ukanipangusia mayai yote."

Ansgar akaangalia sinia, akaangalia kidole, akakwaruza alama kwenye bati.

"Na ngazi?"

"Ngazi ilikuwa na vidato viwili, cha chini kimepinda kuelekea nyuma. Hapa kulikuwa na bomba limefungwa kamba nene nyeupe, linadondosha matone ya moto. Na hapa, chini ya dirisha, kulikuwa na ndoano."

"Ndoano ya nini? Injini haina ndoano pale."

"Ya birika la Bujiku. Aliitia mwenyewe."

Ansgar akaacha koleo. "Loo! Kumbe lile birika lilikuwa linakaa nje! Mimi nikijiuliza chai inatoka wapi, inatokea tu mkononi mwa mtu."

"Na wewe ulikuwa unakunywa bila kuuliza."

"Chai unaiuliza nini?"

Walicheka mpaka jirani akachungulia. Ikawa hivyo siku kwa siku. Kitu kikikosewa, kilibanduliwa kikafanywa tena. Kuna bomba moja alilipinda akalipindua mpaka waya ukakatika, kwa sababu Anisia alisema kona yake ilikuwa kali kama kiwiko, wala siyo ya mviringo kama shingo ya bata. Ansgar hakuchoka. Alisema, kitu ukikifanya karibu sawa, aliyekuwapo ataona ule mdogo uliokosewa tu.

Waya wa shaba ulipoisha wakaenda wote mjini kwa Jashvant. Jashvant alikuwa na duka la vifaa, sululu na makarai yamepangwa nje kwa ajili ya wachimbaji, na ndani kwenye kabati la kioo alikuwa na treni ndogo ya kizungu aliyoletewa na kaka yake. Aliwaona tu, akaiwasha. Ikazunguka juu ya meza, taa inawaka.

"Mzee Ansgar, bado unapiga mikebe? Ona ya kwangu inavyokwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Inazunguka."

"Hiyo siyo treni, ndugu yangu, hiyo ni mbuzi aliyefungwa kamba."

Jashvant akacheka hadi miwani ikashuka. "Na ya kwako je? Hiyo ni mbuzi aliyechinjwa, hata haipumui!"

Anisia akamcheka Ansgar waziwazi. Jashvant akaenda nyuma, akarudi na waya wa shaba uliotoka kwenye mota mbovu, akawapa. Kisha akaegemea kaunta, sauti ikashuka.

"Mtaunda na mabehewa?"

"Yakifuata. Kwanza injini."

"Mkifika mabehewa ya daraja la pili, zile mbao za madirisha zinapanda kutoka chini. Msiweke za kushuka. Nilikuja Shinyanga na mama yangu, nikiwa mdogo, nikaibana mikono yote miwili, nikalia kutoka Bukene hadi Isaka."

"Kweli kabisa," Anisia akasema. "Zilikuwa zinapanda. Daraja la pili walinunua mayai, na ukichelewa kutoa mkono unabanwa. La tatu walinunua viazi, na wao madirisha yao hayakufungwa kabisa."

"Basi labda yai nililonyamazishwa nalo lilikuwa lako, Mama."

"Ulilipa?"

"Mama alilipa!"

Wakarudi Nyahanga na waya, Anisia amekaa nyuma ya baiskeli, moyo mwepesi kama msichana. Kitu kile kilichokuwa kinamla kilikuwa kimelala. Kwa mara ya kwanza aliutazama upande ule bila kuumia, kwa kuwa sasa ulikuwa ndoano na matone na kidato kilichopinda, na kila kimoja kilikuwa na mkono wa Bujiku.

Kisha wakafika kwenye pampu.

Pampu ya breki ni kitu kama mtungi uliosimama, unaning'inia ubavuni mwa boila, na ukifanya kazi unahema, shwii, shwii, ukitema mvuke. Ansgar alikuwa ameiunda kwa ganda la betri ya tochi, nzuri mno, ameibandika upande wa kulia. Siku ile alikuwa anasafisha bati la kushoto, amalize.

"Sasa hapo," Anisia akaonyesha, "weka pampu."

"Pampu iko kule."

"Na huku ilikuwapo."

"Shemeji, injini ile ilikuwa na pampu moja. Iko upande wangu. Nimekaa nayo sikioni mpaka sikio hili limekufa."

"Mimi niliiona, Ansgar. Ilinitemea mvuke, ukaniloanisha mpaka kwenye sinia."

"Labda uliona bomba."

"Bomba silijui? Siyo mimi niliyekufundisha bomba?"

"Basi umechanganya. Michembe yenu ya viazi imekupanda kichwani." Alisema kwa utani, lakini alikuwa amechoka, na utani ukatoka na makali. "Kitu hiki tunataka kiwe sawasawa. Nikiweka pampu kushoto nitakuwa nimeunda uongo."

Uongo! Neno hilo likampiga Anisia pale pale kwenye kidonda.

"Uongo ni wangu? Niliiona siku ile mlipopita bila kusimama! Pampu ilikuwa kwangu, na wewe ulikuwa umekaa dirishani pa mume wangu, hata salamu hukunipa! Sasa niambie wewe mkweli: Bujiku alikuwa wapi? Alikuwa bado na hasira na mimi?"

Karanga zilikuwa zimemwagika. Kuku wakaanza kuzidonoa, hakuna aliyewafukuza.

Ansgar alimwangalia kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Mimi? Nikae kushoto?" akasema polepole. "Shemeji, sijakaa kushoto hata siku moja. Dereva hahami kiti."

"Nilikuona kwa macho haya."

"Haiwezekani."

"Basi nenda. Unamfichia rafiki yako. Marafiki ndivyo mlivyo."

Ansgar akafunga injini kwenye gunia. Akashika baiskeli. Akaondoka.

Swali la Anisia likabaki barazani, limekaa pale kwenye kigoda alichokikalia mwenzake. Anisia akafagia uwanja, likamwangalia. Akachambua mbegu, likamwangalia. Alijilaumu kwa kuliachia, na papo hapo alijua kwamba sasa limetoka haliwezi kurudi ndani. Jumapili akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kanisani, akaketi mahali pa kuona mlango. Ansgar hakuja. Baada ya misa akamwuliza Paskalina, jirani wa Ansgar, kwa sauti ya mtu asiyejali: "Yule Msumbwa wenu anaumwa?"

"Haumwi. Amedandia lori la Isaka juzi. Tukamwuliza kuna msiba? Akasema hapana, anakwenda kusimama."

"Kusimama?"

"Ndivyo alivyosema. Uzee huo, Mama Jenifa."

Ansgar alikuja siku iliyofuata, asubuhi, Anisia akiwa anawasha jiko. Hakupiga hodi ya utani. Shati lilikuwa na vumbi la safari, macho mekundu, gunia kwapani.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Umekula?"

"Nitakula baadaye. Kaa hapa." Akamsogezea kigoda mwenyewe, kana kwamba ndiye mwenye nyumba, na Anisia akakaa kwa mshangao. "Nimetoka Isaka. Nimesimama mahali pako, pale karibu na nguzo ya taa."

"Pale pale."

"Pale pale. Maisha yangu yote sikuwahi kusimama hapo. Nikasubiri. Kuna injini mbili za dizeli zinapanga mabehewa ya mizigo, moja ikaja mgongo mbele inaelekea Mwanza, nikamwona dereva. Ya pili ikaja inaelekea huko huko, lakini uso mbele. Ikapita mbele yangu. Dereva hakuwapo! Nikasema ameshukia wapi huyu? Kumbe yuko, yuko upande wa pili. Shemeji, nijibu vizuri. Siku ile, nini kilitangulia? Bomba la moshi au lile tangi la nyuma?"

Anisia akafumba macho. Alikuwa ameitazama siku ile mara nyingi mno, lakini kila mara alitazama dirisha. Sasa akalazimisha macho yatoke dirishani, yaende kushoto, yaende kulia.

"Tangi," akasema. "Tangi la maji lilikuwa mbele. Moshi ulikuwa nyuma, haukuwafikia nyinyi. Nikafikiri hawa wanarudi, mbona wanakwenda Mwanza?"

Ansgar akapiga paja lake. Akaitoa injini, akaiweka juu ya benchi mbele ya magoti yake.

"Huku Tabora, huku Mwanza. Wewe uko jukwaani, hapo ulipokaa. Hivi ndivyo ulivyotuona kila siku." Bomba la moshi lilielekea Mwanza, na upande uliokuwa mbele ya Anisia ulikuwa wa kushoto, wenye ngazi iliyopinda na ndoano ya birika na dirisha tupu. "Sasa, usiku ule tulikuwa tumetoka Mwanza na treni ya kurudi Tabora, tumefika Bukene. Tukaambiwa tufungue mabehewa, turudi upesi, kuna treni ya mizigo imekwama mbele ya Malampaka, tukaivute. Bukene hapakuwa na pa kugeuzia injini. Tukarudi vile vile, mgongo mbele."

Akainyanyua injini, akaizungusha, akaiweka chini. Bomba la moshi likaelekea Tabora. Mbele ya magoti ya Anisia ikaja pampu, ile ya ganda la betri, na juu yake dereva wa mninga, ametoa kichwa dirishani.

"Mimi sikuhama, shemeji," Ansgar akasema. "Na wewe hukukosea. Pampu ilikuwa kwako."

Anisia aliiangalia. Aliinama, akaangalia nyuma ya injini, kule kwenye ukuta, ambako dirisha la mume wake lilikuwa limeelekea. Akanyoosha kidole, akaligusa.

"Alikuwa huku."

"Alikuwa huko. Upande wa porini."

Maji ya jikoni yakaanza kuchemka, wakayaacha. Kisha kitu kikamrudia Anisia, akakunja uso.

"Kutoka dirisha hadi dirisha ni hatua ngapi hizo? Si angevuka tu, anichungulie?"

"Hatua moja."

"Basi!"

"Sikiliza. Ukienda kinyumenyume, tangi linaziba. Mimi naona upande wangu, yeye anaona wake, katikati hakuna anayeona. Akiacha dirisha lake, kila kilichoko upande ule hakina mtu. Na Isaka unaijua, watoto na ng'ombe wanavuka wanavyotaka. Angevuka, mimi mwenyewe ningemfokea."

"Na wewe hukunipungia."

"Nilikuwa naangalia reli. Nilipokuona tumeshapita. Nikafikiri, ameniona, amejua tunakwenda kinyumenyume. Kisha mambo ya Mwanza yakatokea, msiba ukatumeza, nikahamishwa. Hukuniuliza, shemeji. Na mimi safari ile ilichanganyika na nyingine zote. Nimeikumbuka juzi, nimesimama pale kwenye nguzo, wapiga debe wa malori wananishangaa mzee mzima nalia."

Anisia akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Sasa alijua mume wake alikuwa wapi. Hiyo ilikuwa nusu. Alitaka kunyamaza, ashukuru kwa nusu hiyo, ampe mgeni chai. Lakini alikuwa ameishi na nusu miaka mingi mno.

"Ansgar," akasema, hakumwita shemeji. "Nilikuuliza maneno mawili. Umenijibu moja."

"Najua."

"Alikuwa bado na hasira na mimi?"

Ansgar akaweka mkono juu ya boila kama alivyozoea zamani kuusikiliza moto.

"Tulipoingia stesheni," akasema, "nikasikia mtu anapiga kelele nyuma yangu. Nikageuka mara moja tu. Bujiku amejitoa dirishani mpaka kiunoni, anapunga kofia kwa nguvu zote, na kule alikoelekea hakuna kitu, ni minyaa na mbuzi. Nikamwambia, 'Wewe mwendawazimu, unampungia nani?' Hata hakugeuka. Akasema, 'Nampungia Mama Jenifa, yuko upande wa pili wa injini.'"